Kilo Iliyoandikwa ni Deni



Sisi makarani wa mgodi kazi yetu ni mizani na kitabu. Mchimbaji huja na mfuko wake, mfuko hupandishwa juu ya mizani, kilo zake huandikwa, na kuanzia hapo kilo zile si maneno tena, ni deni. Mnunuzi hawezi kusema, "Nimekwisha kuona, asante, nenda zako." Akisema hivyo mgodi mzima utasimama. Kila mtu hapa, anayejua kusoma na asiyejua, anaifahamu sheria hii: mali ya mtu ikipimwa na kuandikwa, mwenyewe hudai.

Leo twataka kusema juu ya mizani nyingine, nayo ni mizani ya watoto. Watoto wa Kivu wamepimwa na wataalamu kwa muda wa miaka zaidi ya 60. Wamepimwa uzito, urefu, unene wa mkono, damu na mkojo. Hata maziwa ya mama zao yamepimwa. Hesabu zao zimeandikwa katika vitabu na kusomwa Brussels, London na Geneva. Kwa hesabu hizo dunia imejifunza mambo yenye thamani kubwa. Swali letu si la matusi, ni swali la karani: yule mtoto na mama yake wamelipwa nini?

Wako watakaosema kwamba utafiti ni shughuli ya madaktari, na kwamba wachimbaji na wachuuzi wa sokoni hawana la kusema humo. Twawajibu kwa upole: aliyebebwa mgongoni kwenda kupimwa si mtoto wa daktari, ni mtoto wetu. Mwenye mzigo hana budi kuuliza habari za mzigo wake.

BWAKI NA LWIRO

Hakuna mzee wa Kivu asiyejua bwaki. Mtoto huvimba miguu na uso, nywele hugeuka rangi na kunyofoka, ngozi hubambuka kama imeungua, na yeye mwenyewe hununa, hataki kucheza wala kula. Mara nyingi humshika mtoto aliyeachishwa ziwa baada ya mama kupata mimba nyingine. Mwaka wa 1935 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliutangaza ugonjwa huu kwa wasomi wa Ulaya kwa jina alilolikuta kwa akina mama wa Kiga: kwashiorkor. Hata jina la kitaalamu, basi, lilitoka kinywani mwa akina mama wa Afrika.

Baada ya vita vya pili vya dunia wataalamu wawili, Brock na Autret, walitumwa kuzunguka Afrika kuuchunguza ugonjwa huo. Taarifa yao ilitolewa mwaka wa 1952 na Shirika la Afya la Dunia pamoja na shirika la chakula, FAO. Walisema kwamba bwaki ni katika magonjwa ya lishe yaliyo mabaya na kuenea kupita yote. Tangu hapo hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa.

Huku kwetu kazi hiyo ilifanyika Lwiro, ng'ambo ya kusini ya ziwa, kaskazini ya Bukavu na karibu na Kavumu. Mwaka wa 1947 Wabelgiji waliunda chuo cha utafiti kilichoitwa IRSAC, makao yake yakawa Lwiro. Leo mahali pale ni Centre de Recherche en Sciences Naturelles. Chuo Kikuu cha Brussels nacho kilikuwa na shirika lake la matibabu na utafiti, CEMUBAC, lililoanzishwa mwaka wa 1938. Daktari wa watoto Vis na wenzake walifanya kazi Kivu kwa miaka mingi wakichunguza kwa nini mwili wa mtoto mwenye bwaki unashindwa kutumia chakula, na afanyiwe nini asife. Zamani ilidhaniwa kwamba kinachokosekana ni nyama na maziwa tu. Polepole ikaonekana kwamba mambo ni mengi: chakula cha aina moja, kuhara, surua, malaria, mimba zinazofuatana, na umaskini ulio nyuma ya yote hayo.

Hatusemi kwamba madaktari wale walikuwa wezi. Watoto wengi waliingizwa hospitali ya Lwiro wakiwa karibu kufa, wakatoka wakitembea. Anayekana jambo hilo ni mwongo. Lakini karani hulipa kwa kitabu, hasamehi kwa huruma. Na kitabu cha Kivu kina kurasa mbili, moja ya deni lililolipwa, moja ya deni ambalo halijalipwa. Tuzisome zote mbili.

DENI LILILOLIPWA: CHUMVI YA IDJWI

Ukurasa wa kwanza ni wa kisiwa cha Idjwi, kile tukionacho tukisafiri kwa mashua kwenda Bukavu. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Brussels na Lwiro walikuta kwamba upande wa kaskazini wa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, yaani tezi la shingoni. Upande wa kusini-magharibi wenye rovu walikuwa wachache mno. Tena kaskazini walikuwako watoto waliozaliwa na akili iliyodumaa, wafupi, wengine wasioweza kusema.

Sababu kubwa ilikuwa inajulikana tangu zamani, nayo ni ukosefu wa iodini. Hii ni dawa ya asili ambayo mwili huihitaji kidogo sana, lakini isipokuwapo mtoto aliye tumboni hajengeki ubongo sawasawa. Jambo la ajabu ni kwamba pande zote mbili za kisiwa zilikuwa na upungufu wa iodini. Kwa nini, basi, upande mmoja uumwe hivyo na mwingine uokoke? Delange na Ermans walitafuta jawabu, na mwaka wa 1971 walitangaza kwamba sababu ya pili ilikuwamo chunguni: muhogo. Muhogo usiolowekwa na kuandaliwa vizuri una sumu ambayo mwilini hugeuka kuwa kitu kinachozuia iodini kufanya kazi yake. Mtu mwenye iodini ya kutosha haumii sana. Aliye na iodini kidogo, akala muhogo kila siku, ndiye anayepatwa.

Tazameni, ndugu, utafiti ulivyo na faida ukifika mwisho wake. Kisiwa kidogo cha ziwa letu kiliufundisha ulimwengu mzima jambo ambalo halikujulikana vema. Na jambo hilo halikubaki kitabuni. Watu wa Idjwi walidungwa mafuta yenye iodini, na tangu miaka ya 1990 chumvi inayouzwa nchini imetakiwa iwe na iodini ndani yake. Mama anayetia chumvi katika sombe yake leo Birere au Katindo hajui pengine, lakini kila akichovya kijiko analipwa deni la watoto wa Idjwi. Hakuhubiriwa, hakulaumiwa, hakuambiwa kwamba yeye ni mjinga. Kitu kizuri kiliwekwa mahali ambapo mkono wake ulikuwa ukifika tayari. Huu ndio mfano wa utafiti uliolipa.

DENI AMBALO HALIJALIPWA: WATU WAZIMA WA LWIRO

Ukurasa wa pili unatuhusu zaidi, maana ni habari ya watu wa rika la vijana wanaofanya kazi sasa.

Hospitali ya Lwiro ilitunza karatasi za watoto waliolazwa huko kwa utapiamlo mkali kati ya mwaka wa 1988 na 2007. Fikirini miaka ile ilivyokuwa: wakimbizi, vita, hospitali kuporwa, watu kuhama mara kwa mara, karatasi bado zikahifadhiwa. Mwaka wa 2018 wataalamu wa Kikongo, akina Pacifique Mwene-Batu na Ghislain Bisimwa wa Bukavu, pamoja na wenzao wa Brussels, walizichukua karatasi hizo wakaenda kijiji kwa kijiji kuwatafuta watoto wale waliokwisha kuwa watu wazima. Waliwapata zaidi ya 500, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 20 na kitu. Wakawalinganisha na watu wengine zaidi ya 400 wa rika lao, waliokulia mazingira yale yale lakini hawakupata utapiamlo ule.

Walikuta nini? Walikuta kwamba mtoto aliyeponywa bwaki alikuwa amepona kifo, lakini hakupona hasara. Wale waliougua utotoni walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili na kumbukumbu. Walikuwa wamesoma kidogo kuliko wenzao. Walijithamini kidogo kuliko wenzao. Na wengi zaidi kati yao walikuwa na dalili zile zinazotangulia maradhi ya moyo na ya sukari, ambayo zamani tuliyaita maradhi ya matajiri. Njaa ya mtoto wa miaka 2 ilikuwa imekaa mwilini kimya kwa miaka 20, ikangoja.

Hapo ndipo twataka kila mfanyakazi asimame afikiri. Sisi huzoea kusema, "Mtoto aliugua, akapona, basi yamekwisha." Hesabu ya Lwiro yasema hayajaisha. Tena twazoea kumwambia kijana, "Wewe mvivu, umeshindwa shule." Labda kijana yule alishindwa shule kabla hajaiona, siku ile sufuria ya mama yake ilipokosa maharagi.

Na mwenye kudhani kwamba haya ni ya Kivu tu, asikie ya Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati. Kuanzia mwaka wa 1969 hadi 1977 wataalamu walichukua vijiji vinne. Katika viwili watoto walipewa uji wenye nguvu, na katika viwili walipewa kinywaji chepesi. Miaka mingi baadaye wakawatafuta tena. Wanaume waliopata uji ule mzuri kabla ya kutimiza miaka 2 walikuwa wakipata ujira wa saa moja mkubwa kwa sehemu 46 katika 100 kuliko wenzao. Waliopewa uji huo baada ya miaka 3 hawakupata faida hiyo. Soma tena, ndugu mchimbaji: ujira! Twagombana na mnunuzi kwa ajili ya franka chache za kilo moja, na ni haki yetu kugombana. Lakini sehemu kubwa ya ujira wa mwanao inakatwa kabla hajaota meno yote, wala hapana chama kinachogoma kwa ajili yake.

Wataalamu huzihesabu siku hizo kuwa ni 1000, tangu mimba kuingia hadi mtoto kutimiza miaka 2. Katika siku hizo ubongo na mifupa hujengwa. Zikipita, mlango hauzibwi kabisa, lakini hubaki ufa.

NANI HUPIMA, NA KWA SABABU GANI

Wazee wetu waliofanya kazi Katanga waliujua upimaji wa watoto mapema kuliko watu wengine wa Kongo. Union Minière ilipoamua katika miaka ya 1920 kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, ilianza pia kuwaangalia watoto. Watoto wachanga walipimwa, wakapewa maziwa na uji, na vifo vyao vikapungua sana. Daktari wa kampuni, Léopold Mottoulle, aliandika kitabu juu ya siasa hiyo mwaka wa 1946.

Tusidanganyane. Kampuni haikufanya hivyo kwa mapenzi. Ilikuwa imechoka kuleta watu kutoka mbali, ikataka mfanyakazi wa kesho azaliwe na kukua papo hapo mgodini. Mtoto alipimwa kama mtu apimavyo mche wa kahawa. Lakini mambo mawili yalithibitika. La kwanza, mtoto wa mfanyakazi si lazima afe. Mwenye mali akitaka aishi, huishi. La pili, anayempima mtoto kwa faida yake mwenyewe huacha kumpima siku faida hiyo inapokwisha.

Tutazame sasa hali yetu. Mchimbaji wa leo wa Masisi au Walikale, mwenye nyundo yake na beleshi lake, hana kambi, hana posho, hana daktari wa kampuni. Koltani ya Rubaya huingia katika simu za dunia nzima, na kila mfuko ulikuwa ukitiwa namba yake ili mnunuzi wa ng'ambo ajue umetoka shimo gani. Jiwe lilipewa kitambulisho. Mtoto wa mchimba jiwe ana nini? Ana karatasi ya kituo cha afya, kama mvua haijainyeshea na kama hawajakimbia. Kambi za wakimbizi zilizokuwa pembezoni mwa Goma zilipovunjwa mwezi wa Februari 2025, watu waliondoka na magodoro kichwani na masufuria mkononi. Ni karatasi ngapi za watoto zilizobaki katika matope ya lava? Mtoto ambaye karatasi yake imepotea huanza tena kama mtu asiyejulikana.

Na hesabu ya nchi yenyewe si ya siri. Uchunguzi mkubwa wa serikali wa mwaka wa 2013 na 2014 ulionyesha kwamba katika Kivu zote mbili zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Zaidi ya nusu! Katika nchi ya maharagi, viazi, maziwa na jibini ya Masisi. Katika nchi yenye ziwa la sambaza, samaki wale wadogo walioletwa kutoka Tanganyika na kutiwa humu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao sasa huuzwa kila soko. Chakula kipo. Kinapita mbele ya mlango juu ya chukudu, kinakwenda kwa mwenye fedha.

SI UJINGA WA MAMA

Hapa twataka kuyakanusha maneno ambayo tumeyasikia kwa muda mrefu, nayo ni kwamba mtoto wa Kivu anaugua kwa sababu mama yake hajui kupika. Ni maneno mepesi, kwa kuwa humwondolea kila mtu lawama isipokuwa mwanamke mmoja maskini.

Mama anajua. Mwulizeni atawaambia kwamba sambaza ni bora kuliko bugali mtupu, kwamba maharagi humjenga mtoto, kwamba uji wa mahindi uliochanganywa na soya na karanga ni mzuri. Lakini shamba lake liko nyuma ya mstari wa vita. Akienda kulima kwa mtu hulipwa kwa jembe la siku moja, na unga wa siku moja. Maharagi aliyovuna ameyauza ili anunue dawa na daftari. Mtoto amemwacha kwa dada yake wa miaka 8. Ukimpa mama huyo somo bila kumpa kitu, umempa mzigo wa pili.

Walakini tusiwasahau akina baba, maana gazeti hili ni letu na tuambiane kweli. Mchimbaji hupata fedha kwa ghafula. Siku ya malipo meza za kasiksi hujaa. Asubuhi mfuko u mtupu, na mama anaambiwa avumilie. Hilo halikuletwa na Mbelgiji wala na mnunuzi, ni sisi. Mwanamume anayejua bei ya koltani ya leo asubuhi, asijue mwanawe ana kilo ngapi, hesabu yake imepungua.

JINSI YA KULIPA

Yafaa tusiishie kulalamika. Iko mifano ya majirani zetu.

Kampala, katika hospitali ya Mulago, tangu mwaka wa 1965 kumekuwa na kituo kiitwacho Mwanamugimu, maana yake kwa Kiganda ni mtoto mwenye afya. Mama hakuachwa nje ya mlango akingoja. Alikaa na mwanawe mgonjwa, akampikia vyakula vile vile vya soko na shamba lake, akaona kwa macho yake mtoto akichangamka, akarudi nyumbani na elimu isiyohitaji dawa ya ng'ambo. Huko utafiti wa madaktari wa Mulago juu ya utapiamlo uligeuka kuwa chungu na mwiko.

Mfano wa pili ni wa Iringa, Tanzania. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa UNICEF, Shirika la Afya la Dunia na fedha za Italia, vijiji 168 vilianza kuwapima watoto wao wenyewe. Kila baada ya miezi michache ilikuwako siku ya afya. Mtoto akipimwa, hesabu haikupelekwa mjini kwanza. Ilisomwa palepale mbele ya halmashauri ya kijiji. Wakaulizana: mtoto huyu amepungua, kwa nini? Mama ana kazi nyingi? Nani atamlea mchana? Kuna mahindi ya kijiji? Wakaamua, wakatenda, na safari ijayo wakapima tena waone kama walitenda sawasawa. Katika muda wa miaka michache utapiamlo ulio mkali ulishuka kutoka watoto 6 hivi katika kila 100 hadi chini ya 2. Mizani ilikuwa ile ile ya kila mahali. Kilichobadilika ni kwamba kitabu kilibaki mkononi mwa wenye watoto.

Kutokana na hayo sisi twaomba mambo matatu, na twaona kila moja lawezekana.

Kwanza, kila mtaalamu anayekuja kupima watoto wetu, awe wa Ulaya, wa Kinshasa au wa Bukavu, asiondoke moja kwa moja. Arudi aseme alichokiona, kwa Kiswahili, mbele ya akina mama wale wale. Hii si sheria tuliyoitunga sisi. Chama cha Madaktari wa Dunia kilipitisha azimio lake la Helsinki mwaka wa 1964, nalo limesahihishwa mara nyingi. Katika masahihisho ya 2013 limeandikwa wazi kwamba waliofanyiwa utafiti wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo yake, na kwamba watu walio dhaifu wasifanyiwe utafiti usiokuwa na faida kwao. Tunadai lililokwisha kuandikwa.

Pili, mizani isije peke yake. Anayekuja na mizani aje pia na njia ya kumsaidia mtoto aliyeonekana amepungua: chakula cha dawa kilichotengenezwa kwa karanga na maziwa, au barua ya hospitali iliyokwisha kukubaliwa huko. Kumpima mtoto mwenye njaa, kumwandika, na kumrudisha nyumbani hivyo hivyo, ni kununua mawe bila kulipa.

Tatu, sisi wenyewe tuanze. Kila chama cha wachimbaji kina karani na kina daftari. Penye karani na daftari hapakosekani ukurasa mmoja wa watoto. Siku moja katika kila mwezi wa malipo watoto wapimwe, mhudumu wa afya wa mtaa aalikwe, na fungu dogo la fedha, hata likiwa dogo namna gani, liwekwe kwa ajili ya unga wa soya na sambaza za watoto waliopungua. Majina yasomwe kwa wazazi wao faraghani, kusudi lisiwe jambo la kuaibishana, lakini jumla isomwe hadharani: mwezi uliopita walikuwa wangapi, mwezi huu ni wangapi.

Wala mizani ikikosekana si kisingizio. Uko utepe wa mkono wenye rangi tatu, ambao mama yeyote aweza kuutumia kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Hupimwa katikati ya mkono wa juu, wa kushoto. Ikiwa ni chini ya sentimita 11.5, rangi ni nyekundu, mtoto apelekwe kwenye matibabu siku ile ile. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano, maana yake hatari inakaribia. Na pasipo utepe, bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili ya mtoto, hesabu polepole hadi tatu, kisha ondoa. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, hiyo yaweza kuwa bwaki. Usingoje kesho, hata kama mtoto anaonekana mnene. Tena uiloweke mihogo siku za kutosha, ununue chumvi yenye iodini, na umnyonyeshe mtoto maziwa ya mama tu hadi atimize miezi 6. Haya yote yalipatikana kwa kuwapima watoto wa watu kama sisi. Kutoyatumia ni kuyatupa.

MWISHO

Watu wengine husikia neno utafiti wakaogopa, wakidhani damu ya watoto wao inauzwa. Wengine husikia neno hilo wakasujudu, wakidhani kila mwenye koti jeupe ni mkombozi. Sisi twasema hapana woga, hapana kusujudu. Wapimeni watoto wetu, tena mwapime zaidi, kwa maana asiyehesabiwa hasaidiwi. Bila karatasi za Lwiro tusingejua kwamba njaa ya utotoni humfuata mtu mpaka utu uzima. Bila ya Idjwi chumvi isingeeleweka. Lakini kila kilo mnayoiandika, jueni kwamba nasi tumeiandika.

Mchimbaji akipima mfuko wake hangoji kuombwa radhi, hungoja malipo. Na mwanawe je? Yeye hana sauti ya kudai, hata meno bado hana. Basi sisi tulio na sauti, tudai kwa niaba yake, na sehemu iliyo juu yetu wenyewe tuilipe mwezi huu, si mwezi ujao.